Mkono Ulioshusha Muziki

Wasswa alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimeinamia cherehani, na kwa kuwa hatukuwa tumesemezana kwa miaka mingi, nilidhani amebonyeza namba yangu kwa bahati mbaya. "Afande," akasema, jina ambalo hakuna mwingine anayeniita, "Papa Faustin amekufa. Msiba iko Kibuli, nyumbani kwake. Wewe kuja." Nikampa pole, nikamuuliza mzee alikuwa amerudi lini kutoka Kongo. Nilisikia kuku upande wake wa simu. "Kongo gani? Papa hakwenda Kongo. Papa alikaa Kibuli miaka yote." Nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikabaki nimeshika kola ya shati la mwanafunzi iliyoshonwa upande mmoja. Kutoka hapa Mengo ninaposhonea sare, Kibuli ni safari fupi ya bodaboda. Na kutoka Namuwongo, nilikoishi mwaka ule ninaotaka kuueleza, ni kupanda mlima tu. Mtu anaweza kuacha chai mezani, akaenda, akarudi, akaikuta haijapoa sana.

Ninaandika kwa kutazama daftari zangu za mwaka ule, kwa sababu kichwa changu sikiamini. Nilisoma hadi kidato cha pili, na kama kuna utaratibu maalumu wa kuandika mambo kama haya, mimi siujui. Najua tu kwamba yanahusu watu watatu, mmoja amekufa, na nisingependa kumwonea yeyote. Nimeishi muda mrefu nikiamini kwamba mzee yule aliondoka akiwa amenichukia. Sikumlaumu. Niliona alikuwa na sababu, na bado naona alikuwa nayo. Lakini kama alinichukia kweli, hilo ndilo sikuwahi kuuliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikaa peke yangu katika chumba kimoja upande wa reli. Nilivyofika pale sitaeleza. Kilikuwa na kitanda, jiko la makaa, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba niliweza kunyoosha mkono na kuugusa, na jioni nyingine niliugusa kweli, bila sababu. Mchana nilikuwa studio. Sisi tuliiita studio. Kilikuwa chumba nyuma ya maduka, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isitoke wala isiingie, na joto la humo lingeweza kuivisha ndizi. Wasswa alitafsiri filamu. Kwa msomaji wa mbali: hapa kwetu filamu ya kigeni haiandikwi maneno chini. Mtu anakaa mbele ya televisheni na maiki, filamu inaanza, naye anasema yote, ya mwanamume, ya mwanamke, ya mbwa, anaeleza nani ni mwizi na nani atakufa, anatia chumvi na pilipili, na sauti yake inaingia kwenye sidii pamoja na filamu. Hakuna kurudi nyuma. Ukikosea umekosea. Waganda walikuwa na watafsiri wao wa Kiganda, hodari na wenye majina. Wasswa, Mganda mwenyewe, alichagua Kiswahili kwa sababu huko, alisema, hakuna msongamano. Wateja wetu walikuwa watu wa kambini, askari na wake zao, wengi wa kutoka kaskazini kama mimi, na wafanyabiashara Wakongo waliobeba sidii zetu kwenda nazo kwao.

Kazi yangu ilikuwa mkono. Mbele yangu palikuwa na mashine ya kuchanganya sauti yenye vidude viwili vya kusukuma juu na chini: kimoja cha filamu, kimoja cha maiki. Wasswa akisema, nilishusha filamu. Akinyamaza, niliipandisha. Hivyo tu, saa nzima na nusu, filamu mbili au tatu kwa siku. Baada ya miezi michache sikuwa nikimtazama tena. Nilikuwa nikisikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema, na mkono ulishuka wenyewe. Kwa hiyo muziki wa filamu zote za mwaka ule niliusikia vipande vipande, kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani mlango ukifunguliwa na kufungwa.

Nilikuwa pia na kazi ya pili, ambayo sikuajiriwa kwayo. Ulimi wa Wasswa, kama ndimi nyingi zilizokulia Kiganda, haukuwa na mpaka kati ya l na r. Hatari ilikuwa hatali, dalili ilikuwa daliri, na mwenyewe hakusikia tofauti. Kuna siku mfalme wa filamu moja aliwaalika watu wote wa nchi kwenye kalamu yake. Alikusudia karamu. Kule kambini walicheka wiki nzima, na koplo mmoja alikuja mpaka duka la mbele, tulikouzia sidii, kuuliza kama wino utatosha watu wote. Wasswa alicheka nao, ana moyo mpana huyo, lakini baadaye akaniambia, "Afande, wewe mtoto wa kambi, Kiswahili ni yako, kaa na mimi hapa." Basi kabla ya kila filamu nikawa namwandikia maneno ya hatari kwenye karatasi, kila r kwa wino mwekundu. Haikusaidia sana. Alisoma ile nyekundu na kutamka l vile vile. Ila ndani ya kichwa changu kilizaliwa kitu kama mashine ndogo ya kusahihisha. Akisema kula, nilipima sentensi nikajua ni kura. Akisema mahali, nilijua kama ni mahari. Sikuhitaji hata kufikiri. Nilijivunia jambo hilo. Lilikuwa jambo pekee nililojua kuliko mtu mwingine chumbani.

Nusu ya nyuma ya chumba alipanga Papa Faustin. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mrefu, mwembamba, amefunga shati mpaka kifungo cha shingo hata katika joto lile. Huko kwao alikuwa akipiga kinanda kikubwa cha kanisa, kile cha mabomba. Hapa alitengeneza vinanda vya umeme vya makanisa ya walokole: vilivyomwagikiwa soda, vilivyoanguka kutoka kwenye pikipiki, vilivyoingiliwa na mende. Meza yake ilijaa meno ya vinanda, meupe na meusi, yamepangwa kwenye makopo ya maziwa. Hakupiga. Akimaliza kutengeneza alibonyeza kila jino mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, akasikiliza, akakifunika kitambaa. Mimi aliniita mama, kama Wakongo wanavyowaita hata watoto wa kike, na mwanzoni neno hilo lilinipa aibu, halafu nikawa nalisubiri.

Treni ya mizigo ya Port Bell ilipita nyuma yetu karibu kila siku mnamo saa saba, na magodoro yote yale hayakuizuia. Kwa hiyo saa saba ilikuwa chakula. Wasswa aliagiza katogo, ndizi na matumbo katika mfuko wa plastiki uliopasuliwa juu ya sahani. Papa alifungua bakuli lake la bati lenye sombe ya majani ya muhogo na bugali, akaligawa mafungu matatu kabla hajala. Tulikula tukitazamana bila kusema, kwa sababu mabehewa yalikuwa yanapita na hakuna aliyeweza kusikia, na vijiko vilikuwa vinatetemeka mezani vyenyewe. Nimekula na watu wengi tangu hapo. Sijui kwa nini ule ukimya wenye kelele ndio ninaoukumbuka kama mazungumzo.

Siku moja tulikuwa tunaipitia filamu ambayo Wasswa aliiita Watu wa Shimo. Jina lake halisi daftari halisemi. Ilihusu mji uliojengwa chini ya ardhi, watu wake wamesahau jua. Ilikuwa ya zamani na rangi zake zilikuwa zimechoka. Muziki wake wote ulitoka kwenye sintesaiza, sauti za mashine tupu, zenye baridi, kama mtu anapuliza ndani ya bomba la chuma. Nilikuwa nimeuacha juu kwa sababu Wasswa alikuwa nje anabishana na mtu. Papa akainuka mezani na chuma chake cha kuchomelea nyaya mkononi, bado kinatoa moshi, akaja akasimama nyuma yangu.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Minaijua hii. Hii ni ya kanisa. Ule aliyeiandika alikufa zamani, mbele babu ya babu yangu hajazaliwa. Minaipiga kila Pasaka." Akaenda kwenye kinanda alichokuwa amekimaliza asubuhi, akachagua sauti ya kanisa, akapiga. Nilikuwa sijawahi kumwona akipiga kwa mikono miwili. Kisha akabonyeza kitufe kingine, sauti ikawa ile ya baridi, akapiga tena vile vile, na hapo filamu ikawa chumbani petu. "Unaona? Bameivalisha chuma. Kwanza minadhani bameiua. Lakini angalia, inatembea na miguu yake ile ile."

Wasswa alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida kwake, halafu akasema polepole, "Kwa hiyo huyu wa mashine alichukua kitu ya watu wa zamani, akaisema kwa mdomo yake."

"Ndiyo."

"Bila kuuliza wenyewe."

"Wenyewe bamekufa, ndugu yangu. Ataliuliza kaburi?"

"Basi huyo ni mtafsiri mwenzangu," Wasswa akasema. "Na yeye pia anatia chumvi?"

Papa alicheka mpaka akakaa. "Anatia. Hapa katikati ameweka ngoma, haikuwa. Na huku mwisho anakimbia. Alikuwa na haraka ya kula, kama wewe."

Tangu siku hiyo tukawa na mchezo. Filamu ikiingia, mimi nilinyoosha sikio, na nikisikia wimbo unaotembea kama wa kanisa au wa karamu za kale chini ya sauti za mashine, nilinyoosha kidole. Papa alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa, ndiyo au hapana. Kwenye daftari nimeandika saba, miongoni mwao filamu ya wezi wa benki, ya daktari mwendawazimu, moja ya roboti aliyependa msichana. Papa alinionyesha jinsi ya kusikia: usifuate sauti, alisema, fuata hatua. Sauti ni nguo. Nilianza kuona kwamba nilikuwa nimeshusha vitu vingi bila kujua ni nini. Sidhani nilielewa yote. Lakini kuna mtu alikuwa ananifundisha kitu, na saa kumi na mbili jioni nilipofunga mlango wa chumba changu nilikuwa na jambo la kufikiria mbali na ule ukuta.

Mwisho wa Watu wa Shimo ulikuwa hivi: mwanamke mzee anapanda ngazi peke yake kutoka mji wa chini, ngazi baada ya ngazi, mpaka anatokea juani. Hakuna neno linalosemwa. Dakika tatu za ule muziki. Na sidii yetu ilikuwa imekwaruzika hapo hapo. Picha ilikwenda vizuri, sauti ilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Wasswa alisema hamna shida, atajaza kwa mdomo. Papa akasema yeye ataipiga. Kinanda cha kanisa moja kilikuwa mezani kwake, chenye ile sauti, kingechukuliwa Jumamosi saa sita. Angekaa pale nyuma, apige wakati filamu inakwenda, na mimi ningeiingiza.

"Lakini," akasema, na akaweka kiganja mezani, "zile dakika tatu usiseme kitu."

"Papa," Wasswa akasema, "mtafsiri akinyamaza watu wanadhani sipika imekufa. Wanapiga sipika makofi. Nimeona."

"Bapige. Dakika tatu. Miaka yote minatengeneza vinanda vya bengine. Moja tu minaomba nisikilizwe mpaka mwisho."

Wasswa akanitazama, sijui kwa nini mimi. Akasema, "Sawa, Papa. Nitafunga mdomo na kamba." Na nataka niandike wazi kwamba alikusudia. Wiki ile nzima alijizoeza. Alikaa mbele ya ule mwisho, mikono juu ya magoti, midomo imebanwa, jasho linamtoka, na mara mbili alifaulu.

Jumamosi tulianza mapema. Papa alivaa koti. Alikuwa na hedifoni, mimi nilikuwa na zangu. Alisikia kila nilichokuwa nafanya, na mimi nilisikia vidole vyake. Filamu ilikwenda vizuri, Wasswa alikuwa katika siku yake nzuri, na mwanamke mzee alipoweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, Wasswa aliweka maiki kifuani na kufumba macho. Papa akaanza. Nilisukuma muziki juu, juu kuliko nilivyowahi kuusukuma, na maiki nikaiacha ilipokuwa. Daftari linasema, "Nilisikia wimbo mzima unasimama." Sijui nilikusudia nini, lakini ndivyo nilivyoandika.

Ilikuwa saa tano kasoro. Treni ya Port Bell haikuwa na kazi ya kupita saa tano kasoro. Tuliisikia miguuni kwanza, kisha ukutani, kisha ikaingia kwenye maiki. Wasswa akafumbua macho. Mtu wa kazi yake anajua kitu kimoja: kelele isiyoelezwa inaharibu filamu, kelele iliyoelezwa inakuwa sehemu yake. Nilimsikia akivuta pumzi.

Hapa ndipo ninapopaswa kuwa mkweli. Hakuwa amesema bado. Alivuta pumzi tu, na mkono wangu ukashusha muziki. Kama ningeuacha juu, sauti yake ingezama kati ya kinanda na treni, naye angeacha. Ningeweza pia kushusha maiki. Kidude chake kilikuwa chini ya kidole cha pili. Mkono ulifanya ulichozoea. Kisha Wasswa akasema, "Na sasa mama yetu anasikia galimoshi ya jua, inakuja kumchukua." Na akishaanza, Wasswa haachi. Aliisindikiza treni ile mpaka ikaisha, halafu akamsindikiza mwanamke mpaka juani, akamtajia watoto aliowaacha, akamwombea dua. Ilikuwa kazi nzuri sana, lazima niseme. Watu kambini waliipenda kuliko filamu yenyewe. Mpaka wafanyabiashara Wakongo walikuja wakisema, tupe ile ya galimoshi ya jua. Na chini kabisa, mahali ambapo usingejua kama husikilizi kwa makusudi, kulikuwa na mzee anapiga. Hakuacha. Alipiga mpaka noti ya mwisho, kwa uangalifu wote, akijua, kama nilivyojua mimi, kwamba hakuna atakayesikia.

Hakukuwa na kurudia. Saa sita watu wa kanisa walifika, wakakibeba kinanda chao. Wasswa alimwambia Papa, "Treni, Papa. Ningefanya nini?" na Papa akasema, "Ndiyo, treni." Kisha akanigeukia mimi, si kwa hasira. "Mama, juu ya nini mkono ile ilishuka?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema pole. Nilikuwa nimeona aibu kiasi kwamba uso uliwaka, na nilisema, "Papa, hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa." Niliisema kwa sauti ile tunayotumia na wateja wasumbufu. Akatikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia, akavua koti, akalikunja.

Jumapili nikashikwa na malaria, nikalala siku nane katika kile chumba. Jirani alinipa uji mlangoni. Nilipanga maneno ya kumwambia Papa, niliyapanga vizuri, nikayaandika hata kwenye daftari, na bado yapo. Niliporudi studio, nusu ya nyuma ilikuwa tupu. Palibaki alama nne za miguu ya meza sakafuni na jino moja jeusi la kinanda. Wasswa alikuwa anakula chapati yenye mayai na huku anachomeka nyaya.

"Papa amehama," akasema, mdomo umejaa. "Mwenye nyumba alimpandishia kodi ya upande yake. Ameacha neno yako."

"Neno gani?"

"Amesema, mwambie mama: Kibuli. Basi. Alikuwa na halaka, mkokoteni ulikuwa unamngoja." Akavaa hedifoni. Filamu ikaanza.

Nikakaa kwenye kiti changu. Ile mashine ndogo kichwani mwangu ilifanya kazi yake bila kuulizwa. Wasswa amesema halaka, yaani haraka. Amesema kibuli, yaani kiburi. Mzee aliyenigawia sombe mwaka mzima alikuwa ameniachia neno moja, na lilinikaa kama nguo iliyopimwa kwangu. Kiburi. Nilikuwa nimejibu kwa kiburi, na yeye amelitaja. Sikumuuliza Wasswa zaidi. Mtu hataki kusomewa hukumu mara mbili. Siku ile nilishusha na kupandisha filamu tatu. Baadaye, nilipomsikia Mkongo mmoja dukani akisema wengi wao wanarudi kwao, nikaamua kwamba Papa amerudi, na baada ya muda sikukumbuka tena kwamba niliamua mwenyewe. Nilikumbuka kama niliambiwa. Mwaka ulipoisha niliacha ile kazi, nikajifunza kushona. Cherehani ina kelele ya aina moja na haihitaji kupandishwa wala kushushwa.

Kibuli, msibani, walikuwa wameweka viti vya plastiki uani. Wasswa amezeeka, sukari imemla miguu, lakini mdomo ni ule ule. Aliniita Afande mbele ya wazee wa watu mpaka mmoja akanipisha kiti. Jirani wa Papa, Mkongo anayeitwa Mama Sifa, alinitembeza ndani. Chumba kilikuwa na ile meza, na makopo yale ya maziwa yenye meno ya vinanda. Akaniangalia mikono.

"Ni wewe wa mkono?" akauliza. "Ya studio?"

Nikasema labda.

"Papa alikuwa anasema, kuna binti alikuwa naye pa Namuwongo, mkono yake inasikia mtu akivuta pumzi, mbele hajasema. Anasema kama angepata kinanda angekuwa mpigaji. Miaka ya kwanza alikuwa anasema ule binti atakuja, juu alimwachia neno. Kisha akaacha kusema."

Nilitoka uani nikamuuliza Wasswa, taratibu, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, Papa alimwambia nini hasa siku ile ya mkokoteni. Alikuwa anakula posho, ule ugali wa kwetu, na maharage ya msiba. Alifikiri. "Alisema, mwambie mama niko Kibuli, aje. Mimi si nilikuambia? Nilisema Kibuli." Kisha akaniona uso. Akaweka sahani chini. "Afande. Wewe ulisikia nini?"

Sikumwambia. Si kosa lake. Alinipa neno kama alivyopewa, fupi kidogo tu. Na Papa angeweza kunifuata, ni kushuka mlima, lakini alikuwa ameshatuma ujumbe, na mtu akituma ujumbe usipojibiwa naye ana lake la kufikiri. Labda alisema, yule ana kiburi. Kama alisema, hakukosea. Wasswa alingoja jibu, mdomo ameufunga bila kamba, na hakuna treni iliyopita.

Usiku wa kuamkia mazishi sikulala msibani. Nilirudi Mengo nikalitafuta daftari la mwaka ule. Ukurasa upo. Nimeandika kwa wino wa bluu kwamba nimepona, kwamba meza haipo, kwamba ameacha neno. Kisha neno lenyewe. Mkono uliliandika kwanza kama sikio lilivyolisikia, halafu nikachukua ile kalamu nyekundu niliyomsahihishia Wasswa, nikaandika r juu ya l, nikaikaza mpaka karatasi ikaingia ndani. Mwaka mzima nilisahihisha maneno yake, na hili ndilo alilotamka sawasawa. Ukiishika karatasi karibu na taa, chini ya ile nyekundu, l bado inasomeka.